Miongo ya Nairuzi na Kupotea kwa Majira katika Visiwa vya Unguja na Pemba

Mkulima wa Ikinga, katika milima ya Ileje iliyo upande wa Tunduma, ana mvua moja. Huanza karibu na Novemba, hukoma Aprili au Mei, na kazi yote ya jembe hupangwa humo. Mtu wa Unguja au Pemba hana raha hiyo. Yeye ana mvua mbili, masika na vuli; ana pepo mbili kuu, kaskazi na kusi, na kila moja ina mwanzo wake, nguvu zake na ukomo wake; tena ana bahari ijaayo na kupwa, bamvua na maji mafu, imwamuruyo lini ateremke pwani na lini atulie. Kwa sababu hiyo watu wa visiwani walihitaji hesabu ya siku iliyo nyembamba kuliko hesabu ya miezi. Katika makala hii nataka kuitazama hesabu hiyo, na kuuliza imewafaa nini hali ya hewa ilipowageuka.

Mwezi mwandamo ndio uongozao saumu, sikukuu na hija, lakini hauwezi kumwongoza mkulima, kwa kuwa mwaka wake ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Ramadhani iliyoangukia masika, baada ya miaka michache yaangukia kaskazi. Ndipo watu wa pwani wakashika mwaka wa pili, wa siku 365, uanzao siku ya Nairuzi. Jina ni la Kiajemi, na maana yake ni siku mpya. Waswahili wenyewe huiita Siku ya Mwaka. Siku za mwaka huo zilihesabiwa kwa makumi, na kila kumi likaitwa mwongo. Miongo 36 ikisha, hubaki siku tano za kufungia mwaka. Mkulima na baharia walitaja mwongo pale ambapo sisi tungetaja mwezi na tarehe. Yafaa wanafunzi wa lugha waiangalie safari ya neno hili. Leo magazeti na redio hulitumia kwa maana ya miaka kumi, nalo huandikwa muongo, na kijana alisikiaye hana habari kwamba kwa wazee wa visiwani lilikuwa kipimo cha siku kumi tu, tena cha kupandia mbegu.

Hesabu hii ina kasoro moja iliyo muhimu kwa hoja yetu. Haiongezi siku katika kila mwaka wa nne, basi Nairuzi hurudi nyuma siku moja kwa kila miaka minne, yaani mwezi mzima katika miaka 120. Katika miaka ya 1870 iliangukia Agosti. Siku hizi, huko Makunduchi kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa hufanywa Julai. Maana yake ni kwamba vuli iliyomfikia babu katika mwongo fulani humfikia kilembwe wake miongo mitatu mbele. Sioni namna hesabu hiyo ingeweza kutumika karne nyingi pasipo kila kizazi kuyasahihisha mafundisho ya kizazi kilichotangulia, kwa kutazama mbingu, kwa kutazama miti ichanuayo, na kwa kusikiliza upepo umegeukia wapi. Wale wadhanio kwamba elimu ya wazee ni kitu kilichoganda hawakukaa wakaipiga hesabu. Ilikuwa elimu ya kurekebishwa daima; ila mwendo wa marekebisho yake ulikuwa wa polepole, nao ulijulikana.

Sherehe yenyewe ya Makunduchi imeelezwa mara nyingi, nami sitaikariri: watu hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa, na moshi wake hutazamwa umeelekea wapi ili kuuagulia mwaka. Mgeni huona mchezo. Lakini ni dhahiri kwamba huu ni mkutano wa watu wanaokiri mbele ya wenzao kwamba mwaka ujao hawaujui.

Mwaka wa 1872 uliwathibitishia hayo. Tarehe 15 Aprili kimbunga kiliipiga Unguja, kisiwa kilicho digrii sita tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo vimbunga havikutazamiwa kabisa. Majahazi na meli zilizokuwa bandarini, pamoja na za Sayyid Barghash, ziliangamia kwa wingi, na yapata theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iling'oka. Pemba haikudhurika sana. Kwa kuwa mkarafuu mchanga hukawia miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, bei ya karafuu ilipanda, wenye mashamba wakaelekeza macho Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu mpaka leo. Hivyo upepo wa siku moja uligeuza uzani wa visiwa viwili.

Hapa wanahistoria wengi huishia kwenye mikarafuu na bei. Mimi nauliza ni nani aliyeipanda ile mipya. Serikali ya Uingereza ilipomshurutisha Barghash akomeshe biashara ya watumwa, miongoni mwa udhuru wake ulikuwa hasara ya kimbunga. Mkataba ulitiwa saini Juni 1873, na biashara ya baharini ikakatazwa. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa visiwani hadi 1897. Basi katika miaka hiyo yote katikati, jawabu la visiwa kwa msiba wa hewa lilichimbwa ardhini na mikono ya watu ambao hawakuwa na hiari. Msiba uliwapata wote. Kazi ya kuurekebisha haikuwapata wote.

Twaweza kuuliza swali hilohilo kwa zama zetu. Wataalamu wa hali ya hewa wametueleza kwamba upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa mashariki, vuli yetu hufurika, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997 na 2019. Mambo yakiwa kinyume, vuli hunyima. Juu ya mabadiliko hayo ya zamani pamezidi sasa joto la dunia nzima. Kasoro ya Nairuzi ilikuwa siku moja kwa miaka minne. Mtu aliweza kuifuata. Vuli ikosayo mwaka huu na kufurika mwaka ujao haina mwongo wa kuitia.

Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi hiyo iliingia vizuri katika elimu ya kale: bamvua ikipwa, maji huondoka mbali, mama akaenda kwa miguu kufunga mbegu katika kamba zilizotandazwa baina ya vijiti, na maji yakirudi naye arudi nyumbani. Lakini aina iitwayo kotonii, yenye bei bora, haistahimili maji machache yaliyopata joto; hugeuka nyeupe, hulainika na kukatika. Tangu mwanzo wa karne hii imekuwa ikifa mahali pengi, na waliobaki wengi hulima spinosamu, iliyo ngumu zaidi na yenye bei ya chini. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja imewafundisha wakulima kuhamia maji ya kina, kwa kamba zielezo na vyavu vya mviringo. Ushauri huo una akili. Hata hivyo kwenye kina hapafikiwi kwa miguu. Hutaka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa wanawake hawa hawakufunzwa kuogelea. Bamvua, neno lililowapa ratiba na uhuru, haliwaambii tena lini waende.

Katika Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, bamvua imepata maana nyingine: ni siku ambazo bahari huingia mashambani na kuiacha chumvi yake. Watu wamejibu kwa kupanda mikoko. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kiitwacho Hidaya kiliingia Mafia kikiwa kimepungua nguvu, na safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kuwaonya watu, jambo ambalo watu wa 1872 hawakulipata. Katika Kiswahili hidaya ni zawadi. Jina lilitoka katika orodha iliyopangwa kabla ya upepo kuzaliwa, na mwenye kuliorodhesha hana lawama.

Kamusi zetu zinaeleza bamvua kuwa ni maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Maana hiyo ni sahihi, lakini ni ya mtu aliyesimama ukingoni akitazama. Mkulima wa mwani wa Jambiani husema bamvua akikusudia siku za kazi. Mkulima wa mpunga wa Pemba hulisema akikusudia siku za kukesha. Yeyote atakayekwenda kukusanya maneno haya na aandike pia mwaka, kijiji, na kazi ya msemaji.