Januari 1964 ilivyofika Dutumi

Mwanzoni mwa mwaka 1964 askari wa cheo cha chini katika Tanganyika Rifles, jeshi la nchi yetu wakati huo, alikuwa akilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Wanafunzi wangu wa Dutumi nilikuwa nikiwaandikisha tarakimu hiyo kwanza, kabla ya jina la mtu na kabla ya tarehe yoyote. Walikuwa wakija darasani wameshasikia majumbani kwamba mwaka ule wanajeshi walitaka kumpindua Mwalimu Nyerere. Mtoto akianzia hapo, kazi yake yote inakuwa kumtafuta msaliti. Akianzia kwenye mshahara, anauliza maswali mengine: nani aliupanga, aliyeona haumtoshi alikuwa na mlango gani wa kubisha, na aliyekaa nyuma ya mlango huo alikuwa nani?

Dutumi ninayoisema ni hii yetu ya Kibaha, si ile ya Morogoro. Watu wa huku hawakuwa wengi jeshini. Makamanda wa kikoloni waliamini kuna makabila yaliyoumbiwa vita, wakapenda kuandikisha Wahehe, Wakuria na watu wengine wa bara. Mzaramo hawakumtazama sana. Kwa hiyo habari ya maasi haikutufikia kwa barua ya askari. Ililetwa na mjomba wangu, aliyekuwa akipeleka mkaa Dar es Salaam na kulala kwa ndugu yetu Kariakoo.

Ilikuwa Ramadhani, siku zake za mwanzo kabisa, usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 20 Januari. Mjomba alisimulia kwamba walikuwa wameamka kula daku waliposikia magari makubwa yakipita upande wa mjini, mengi kuliko kawaida ya saa ile. Hakuna aliyejali. Wiki moja kabla, tarehe 12, Zanzibar ilikuwa imepinduliwa, na kila mtu alidhani ni mambo ya huko. Kulipopambazuka waliwaona askari wa Kiafrika wenye bunduki wakizuia barabara, na hapakuwa na ofisa wa kuwaamuru. Mchana maduka ya Wahindi na Waarabu yakavunjwa na kuporwa, na watu wakauawa. Mjomba aliwaona majirani aliowajua wamebeba majora ya vitambaa vichwani huku wamefunga saumu. Hilo lilimuuma hadi uzee wake, kuliko bunduki zenyewe.

Kilichotokea kambini kinajulikana vizuri. Kambi ya Colito, kaskazini mwa jiji, ilikuwa makao ya batalioni ya kwanza. Baada ya saa saba za usiku askari walivunja bohari ya silaha, wakawakamata maofisa wao, wengi wao Waingereza, wakawafungia kota gadi, chumba cha walinzi wa kambi. Kiongozi wao alikuwa Sajini Francis Hingo Ilogi. Vikundi vikaingia mjini, vikashika Ikulu, kituo cha redio, ofisi ya simu na uwanja wa ndege. Polisi wa kuwazuia walikuwa wachache, kwa sababu karibu 300 walikuwa wamepelekwa Zanzibar kumsaidia Karume, kiongozi mpya wa huko, kutuliza hali. Rais Nyerere na makamu wake, Rashidi Kawawa, walitolewa Ikulu kwa siri wakavushwa Kigamboni. Aliyebaki kuongea na askari ni Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi. Alikwenda Colito akasimama mbele ya mitutu, akasikiliza madai.

Madai yalikuwa mawili: mshahara upande hadi shilingi 260, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Hawakutaka chama kingine kitawale, wala hawakutangaza serikali yao redioni, ingawa redio walikuwa nayo mkononi. Kambona akakubali Waingereza wapelekwe Nairobi kwa ndege, na Luteni Elisha Kavana akashika uongozi wa batalioni. Kesho yake batalioni ya pili, kule Tabora, nayo ikaasi. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja, Uganda, na tarehe 24 Lanet, karibu na Nakuru, Kenya. Nchi tatu katika wiki moja. Wako walioona mkono wa nchi za nje katika jambo hili, hasa kwa kuwa Zanzibar ilikuwa imetangulia. Mimi naona majeshi yale yalikuwa watoto wa mama mmoja, na waliyalilia yale yale.

Mama huyo ni Keya, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika Mashariki na ya Kati. Maasi yalikuwa katika damu yake tangu hajazaliwa. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia Uingereza huko Uganda waligoma kwenda safari mpya wakati mshahara wao mdogo ulikuwa ukichelewa na wamechoka kwa kupelekwa huku na huko mbali na wake zao. Mgomo ukageuka vita. Meja Thruston, ofisa aliyedhani wanampenda, aliuawa yeye na wenzake katika ngome ya Luba, Busoga. Waingereza waliyazima maasi hayo, wakaongeza mishahara, wakapanga jeshi upya. Batalioni ya sita ya Keya, ambayo mwaka 1961 ilibadilishwa jina ikawa Tanganyika Rifles, ilifufuliwa mwaka 1917 kwa kuandikisha askari waliokuwa wakiwapigania Wajerumani. Jana ulikuwa ukimpiga risasi Mwingereza, leo unamsalutia. Jeshi la namna hiyo lilifundishwa kumtii anayelipa na anayeamuru. Nchi iliyo nyuma ya mlipaji haikuwa sehemu ya mafunzo.

Uhuru ulipokuja usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ilibadilishwa na kofia zikapewa nembo mpya. Kamanda akabaki Mwingereza, na mwaka 1964 alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas. Kambi ya Colito ilikuwa na jina la mahali huko Ethiopia ambako Keya walipigana mwaka 1941. Ile ya Tabora iliitwa Kalewa, mji wa Burma. Sajini aliyetumikia miaka kumi na tano aliwaona wenzake wa serikalini, makarani na wakuu wa wilaya, wakipanda vyeo vilivyoachwa na wazungu, yeye akabaki kumpigia saluti kijana aliyetoka Uingereza juzi. Halafu tarehe 7 Januari 1964 Nyerere akatoa waraka kwamba katika utumishi wa serikali ubaguzi wa kuwapendelea Waafrika umekwisha, na raia wote sasa ni sawa bila kujali rangi. Kwa haki, waraka ule ulikuwa wa mtu mwadilifu, na ningependa kila mwanafunzi aujue. Kambini ulisikika vingine. Askari walielewa kwamba nafasi waliyokuwa wakiingoja imefungwa kabla hawajaifikia.

Onyo lilikuwepo. Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo, Jenerali Janssens, kamanda Mbelgiji wa jeshi la Force Publique, aliwaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Jeshi likaasi mara moja, na Kongo ikaingia katika msiba ambao wakimbizi wake tuliwapokea hapa. Viongozi wetu waliyaona hayo kwa macho, wakaamini Tanganyika ni tofauti kwa sababu uhuru wetu ulikuja kwa amani. Nalisema hili kwa uchungu wa mtu anayempenda Nyerere: serikali iliyojali sana elimu na maji ya vijijini haikulitazama jeshi lake kwa makini, kwa kuwa lilikuwa dogo na kimya.

Baada ya maasi Nyerere alitokea mafichoni, akasema redioni, akatembea mitaani kuona maduka yaliyobomolewa. Bado askari walikuwa na silaha, na uvumi ukaenea kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanashirikiana nao. Tarehe 24 aliomba msaada wa Uingereza. Alfajiri ya Jumamosi tarehe 25, manowari Centaur ikarusha helikopta zenye makomando wa kikosi cha 45 kutoka baharini, manowari nyingine ikipiga mizinga ya kutishia. Brigedia Douglas mwenyewe alikuwa pamoja nao, akiwaita askari wake wa zamani kwa kipaza sauti wajisalimishe. Kota gadi ikapigwa kombora, askari wachache wakafa, waliobaki wakajisalimisha au wakakimbilia porini. Haikuchukua muda mrefu.

Fedheha ikawa kubwa. Februari mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam kwa dharura, na batalioni ya Nigeria ikaja kushika nafasi ya Waingereza hadi Septemba. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao likavunjwa, mahali pake ikawekwa NUTA, chombo cha chini ya serikali. Sehemu hii ya hadithi inasimuliwa haraka mno. Wafanyakazi wa nchi hii walipoteza sauti yao huru kwa kosa lililofanywa na askari, na wengi waliokamatwa hawakuwa na lolote na Colito. Walioasi wenyewe walifikishwa mbele ya mahakama iliyoongozwa na Jaji Mkuu Ralph Windham. Ilogi akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Wenzake wa batalioni ya kwanza walifukuzwa, wakarudishwa makwao.

Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Vijana wake walichukuliwa kutoka Jeshi la Kujenga Taifa na Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala, na askari akaruhusiwa, hata kuhimizwa, kuwa mwanachama wa chama hicho. Colito ikaitwa Lugalo, kwa jina la mahali Wahehe walipowashinda Wajerumani mwaka 1891. Huku kwetu matunda yake tunayaona Ruvu, katika kambi ya JKT, ambako vijana wa Dutumi hujaribu bahati yao kila majina yanapotangazwa, na hakuna tena anayewaambia kwamba kabila lao halikuumbiwa bunduki.

Wanafunzi waliniuliza kama Ilogi na wenzake walikuwa wasaliti. Niliwajibu kwamba waligeuza silaha za nchi dhidi ya serikali iliyochaguliwa, watu wasio na hatia wakafa, na mahakama ilikuwa na haki ya kuwafunga. Kisha niliwaandikia ubaoni jina la kamanda wa jeshi jipya: Mrisho Sarakikya, ofisa Mtanganyika, ambaye siku ya maasi alikuwa kapteni Tabora. Kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa brigedia, na hapakuwa na Mwingereza aliyemwamuru.