Kukadiria si Kubahatisha

Kabla mizani haijaenea pwani yetu, watu walipima kwa viungo vyao. Shibiri mbili zilifanya dhiraa moja. Dhiraa nne, pima moja. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi, karibu kilo 3. Mtoto aliyetumwa dukani alijua kwa jicho tu kama kibaba kimejaa au amepunjwa.

Huko Horohoro elimu hiyo imekuwa na kazi ya ziada. Mpaka waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwaacha ndugu huku na huku. Hata hivyo, chini ya Waingereza, Tanganyika na Kenya zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa yake. Mwanzoni zililingana, baadaye zikaachana. Tangu hapo, anayevuka mpaka kununua unga hana budi kupiga hesabu kichwani.

Tuseme shilingi ya Kenya ni 19 za Tanzania, na mtoto ana 520 za Kenya. Aliyefundishwa kukadiria atasema: 500 mara 20 ni 10,000. Jibu kamili ni 9,880. Akihesabiwa 7,880 atashtuka papo hapo, hata kama hana kalamu.

Shuleni tunasahihisha jibu kamili tu, makadirio tunayaita kubahatisha. Tumuulize mtoto kwanza: “Unadhani itafika ngapi?” Ndipo akokotoe.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti ajue kibaba chenyewe kinachukua kiasi gani.