Kipande House: Ghala lililogeuka ofisi ya vipande, kisha benki

Jengo la mawe la Kipande House, lililoko kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Loita Street jijini Nairobi, lilijengwa mwaka wa 1913. Hapo mwanzoni lilikuwa ghala la kuhifadhia bidhaa.

Baadaye serikali ya kikoloni ililigeuza kuwa ofisi ya kuwasajili Waafrika, kufuatia sheria iliyopitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimu umri wa miaka 16 alichukuliwa alama za vidole na kupewa kipande, cheti alichokivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Humo mwajiri aliandika mshahara na tarehe ya kumwachisha kazi. Bila ya saini hiyo, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine. Aliyepatikana bila kipande alitozwa faini au kufungwa jela.

Baada ya uhuru, jengo lilinunuliwa na Kenya Commercial Bank. Palipopangwa foleni za kupokea vipande, wajukuu wakaja kuweka akiba. Wenyeji wa jengo wamebadilika, lakini jina halikufutwa.