Wakala Akiondoka, Kazi Yake Hubaki



Siku hizi mkazi wa Kilwa Masoko au wa Lindi mjini anaweza kununua gari kutoka Japani bila kukanyaga duka lolote. Hutazama picha katika simu, hulipa kwa benki, kisha husubiri meli itie nanga Dar es Salaam. Huko Marekani, kampuni ya Tesla huwauzia wateja magari yake yenyewe, bila kupitia kwa mawakala. Wengi husema heri iwe hivyo, maana mtu wa kati ndiye anayepandisha bei. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili sisi watu wa pwani hii tunayo katika historia yetu.

Kilwa Kisiwani, ambayo leo tunaijua kwa magofu, ilikuwa wakala mkubwa. Dhahabu ilichimbwa mbali, katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo. Nguo na shanga zilitoka Gujarat, ng'ambo ya bahari. Mchimba dhahabu na mfuma nguo hawakupata kuonana. Aliyewaunganisha ni mfanyabiashara wa Kilwa, naye hakusahau kuchukua chake. Utajiri huo ndio uliojenga Husuni Kubwa katika karne ya 14, na Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wake.

Wareno walipoingia katika bahari yetu, hesabu yao ilikuwa nyepesi: mwondoe mtu wa kati, dhahabu yote itakuwa yako. Mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kujenga ngome. Mwaka huohuo Pero de Anaia alijenga ngome nyingine Sofala, ili dhahabu inunuliwe palepale inapofikia.

Je, waliipata? Waliipata kidogo, wala si kwa kiasi walichotazamia. Kumbe mfanyabiashara wa pwani hakuwa amekaa kitako akikusanya ushuru tu. Alijua ni nguo ipi inayopendwa bara, na alikuwa na watu wake waliomwamini njiani. Wareno walileta bidhaa ambazo wanunuzi hawakuzitaka. Wafanyabiashara Waislamu nao wakahamishia njia zao Angoche na mto Zambezi, dhahabu ikapita pembeni. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao ya Kilwa. Mji wetu uliumia, na wao hawakupata utajiri waliouota.

Tusidhani basi kwamba wakala ni malaika. Kilwa iliwatoza wafanyabiashara wa Sofala ushuru mzito. Na katika miaka ya 1970 nchi yetu ilionja wakala asiye na mpinzani, pale uagizaji wa magari ulipokuwa mikononi mwa shirika moja la umma, State Motor Corporation. Mlango ulikuwa mmoja, na foleni ndefu. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe, watu walishusha pumzi.

Lakini yupo pia wakala anayebeba mzigo. Biashara ilipodorora Marekani mwaka 1920 na 1921, Henry Ford aliwapelekea mawakala wake magari ambayo hawakuyaagiza, akadai malipo taslimu. Mawakala walikwenda kukopa benki, na kiwanda kikapona kwa madeni yao. Kutokana na mivutano ya namna hiyo mawakala walidai kinga ya sheria. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda mwaka 1956, na majimbo mengi yakatunga za kwao. Ndiyo maana Texas, ambako Tesla ilifungua kiwanda kikubwa mwaka 2022, sheria ya jimbo bado inamkataza mtengenezaji kumwuzia mteja moja kwa moja.

Turudi kwetu. Anayetuuzia kutoka Japani kwa kawaida si kiwanda, bali ni mfanyabiashara wa magari yaliyotumika. Duka la wakala halipo, ila kazi zake zote zipo, nazo zimemwangukia mnunuzi. Ni yeye anayetoa fedha kabla ya kuliona gari. Ni yeye anayehangaika na ushuru wa forodha na gharama za bandari. Na gari likimzimikia Nangurukuru, hana mwenye duka wa kumlaumu. Atamtegemea fundi wa chini ya mwembe, na kipuri kitafuatwa Kariakoo.

Sisemi turudi kwenye foleni za zamani. Njia hii imewapa magari watu wengi ambao wasingeyapata. Ninachosema ni kwamba hesabu ifanywe yote. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kabla ya kutuma akiba ya miaka ya korosho au ya ufuta, mtu asijiulize tu ni faida ya nani aliyoikwepa. Ajiulize pia kazi ya huyo aliyekwepwa itafanywa na nani, na kwa shilingi ngapi. Wareno hawakujiuliza swali hilo mwaka 1505, na jibu lake walilipata Sofala.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena juma lijalo.