Almasi ya Mwadui na Beji ya Msichana

Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui ambao leo uko Wilaya ya Kishapu, ilipatikana almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Mwenye mgodi, Dk. John Williamson, aliitoa iwe zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Bibi harusi huyo alikuwa ameingia chama cha wasichana cha Girl Guides miaka 10 nyuma, akiwa na umri wa miaka 11. Huko beji hazinunuliwi. Msichana hujifunza kazi, hupimwa, ndipo huvishwa.

Chama hicho kilizaliwa kwa ukaidi wa wasichana wenyewe. Septemba 1909 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwakusanya skauti wa kiume Crystal Palace, London. Wasichana wakatokea bila mwaliko, wakadai kwamba nao ni skauti. Mwaka uliofuata wakapata chama chao, chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Tanganyika kikaingia mwaka 1928.

Wengi hukumbuka sare na gwaride. Mimi nauthamini zaidi utaratibu wa vikundi vidogo: binti wa miaka 14 anaongoza wenzake sita au wanane, wanafanya kazi ya kijiji, na wakubwa wanakiri mbele ya watu kwamba kazi ile ni ya mabinti hao.

Usukumani, uliko mgodi wa Mwadui, msichana hajawahi kukosa kazi. Maji, kuni, palizi ya pamba, kulea wadogo zake: yote yalikuwa juu yake, na yote yaliitwa wajibu. Thamani yake ilitajwa kwa sauti siku wazee walipokaa kupatana ng'ombe wa mahari. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulionyesha kuwa mkoani Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Hakuna mkoa uliouzidi.

Ndiyo maana naupa uzito mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wanatamthilia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba. Wanafunzi wa kike wa sekondari huchunguza wenyewe yanayowakwamisha shuleni: mimba, mwalimu anayewatongoza, kazi za nyumbani zinazokula muda wa kusoma. Wanayajadili, wanayatungia igizo, kisha wanaliigiza mbele ya walimu na wazazi walewale wanaohusika. Baada ya igizo hupanga hatua za kuchukua, na klabu yao huzifuatilia. Shirika la FAWE, linalotetea elimu ya wasichana Afrika, lilivutiwa, likaupeleka mradi huo katika nchi nyingine za Afrika.

Mwanasheria Rebeca Gyumi alipoishinda Serikali Mahakama Kuu mwaka 2016, kuhusu vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, dunia ilimtambua. Mwaka 2018 alipata Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019.

Sasa ni zamu ya mahafali ya shule zetu kuwatambua wasichana. Mkuu wa shule akishasoma majina ya waliofaulu Hisabati na Kiingereza, asome pia jina la binti aliyeongoza wenzake kupanda miti au kumrudisha darasani mwenzao aliyeacha shule. Mzazi wake aitwe mbele, asimame naye.