Liuli: Bwawa la Familia Lililopigwa Mzinga

Watu wa Pwani wanajua: kuogelea na familia kunaanza na hesabu ya maji. Mzazi wa Unguja au Mombasa hawapeleki watoto baharini bila kujua maji yanajaa saa ngapi, maana siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita nne. Ukichelewa unakuta matope na mawe matupu.

Ziwa Nyasa halina mambo hayo. Maji hayaji na kuondoka kila siku. Yanapanda taratibu mvua zinapokolea, yanafika juu kabisa mwezi wa nne au wa tano, halafu yanashuka polepole mpaka mwisho wa mwaka. Kinachomsumbua muogeleaji huku ni upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini, ambao watu wengi wa ziwani huuita mwera, unaweza kuinua mawimbi yakakufanya usahau kama uko kwenye maji baridi. Kwa hiyo sehemu ya kuogea na watoto ni ile iliyokingwa na miamba. Na hapo ndipo kisa kinapoanza, kwa sababu nahodha wa meli naye anatafuta sehemu hiyo hiyo.

Ukitoka Mbinga mjini, kwenye baridi ya milima ya Wamatengo na kahawa yao, unateremka kwa lami kilomita zipatazo 66 hadi Mbamba Bay. Joto linakupokea kabla hujaliona ziwa. Kaskazini mwa Mbamba Bay, ukifuata ufuko, kuna Liuli. Zamani yote hii ilikuwa Wilaya ya Mbinga. Siku hizi ufuko ni Wilaya ya Nyasa.

Liuli kuna ghuba tulivu, na majini limesimama jiwe kubwa liitwalo Pomonda. Wenyeji wanalikumbuka kama maficho. Karne ya 19 ufuko huu haukuwa na amani: Wangoni walishuka kutoka milimani kuvamia vijiji, na misafara ya watumwa ilivuka ziwa kuelekea Kilwa. Masimulizi ya hapa yanasema watu walikimbilia kwenye mapango ya Pomonda na kusubiri hatari ipite. Yaani jiwe ambalo leo watu wanapigia picha, kuna vizazi viliokoka kwa ajili yake.

Wajerumani walipofika waliona kitu kingine. Waliliona jiwe wakakumbuka Misri, sanamu ile yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakaipa ghuba jina la Sphinxhafen, Bandari ya Sphinx. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilisafirishwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1893. Fedha zake zilichangishwa Ujerumani kwa ajili ya kupambana na biashara ya utumwa. Liuli ndipo ilipopandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Upande wa pili wa ziwa Waingereza nao walikuwa na meli yao, Guendolen. Manahodha wawili wa meli hizi walifahamiana vizuri tu. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakikutana na kunywa pamoja, kila mmoja na serikali yake, lakini meza moja.

Basi Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani zikaingia vitani Ulaya. Habari zikamfikia nahodha Mwingereza kwanza. Mwenzake wa Liuli hakuwa na taarifa yoyote, na meli yake ilikuwa juu ya gati la matengenezo. Tarehe 13 Agosti Guendolen ikatokeza kwenye ghuba na kufyatua mzinga. Risasi za kwanza zikakosa, baadaye moja ikapiga. Mjerumani, eti, akaruka kwenye mtumbwi na kupiga kasia hadi kwa rafiki yake kumuuliza kama amelewa. Akaambiwa kuna vita, na yeye sasa ni mateka. London magazeti yakashangilia ushindi wa majini.

Wazungu wamekuwa wakikisimulia kisa hiki kama kichekesho kwa zaidi ya miaka 100, na kweli kinachekesha. Ila kuna watu hawaonekani humo: wenye ufuko. Ghuba ya bandari ndiyo ilikuwa ghuba ya kuteka maji, kufua na kuogeshea watoto. Mei 1915 Waingereza walirudi kuipiga tena meli ile ile, maana kwao hapo palikuwa bandari ya adui tu.

Vita iliacha alama hata kwenye burudani. Mganda, ngoma ya wanaume wanaopanga mistari na kucheza kwa hatua za gwaride, ilikua kwa kuiga askari wa wakati huo. Wanawake wana kioda yao. Ukiwa ufukweni ukasikia ngoma, ujue pengine unasikia kambi ya jeshi iliyogeuzwa kuwa raha.

Kwa familia inayotaka kwenda leo, maji ni baridi, hayana chumvi, na kwenye miamba watoto wanaona samaki wadogo wa rangi za bluu na njano bila kuzamia mbali. Lakini tusidanganyane: sehemu tulivu zenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na midomo ya mito inaweza kuwa na mamba. Chagueni mchanga mweupe au miamba, waulizeni wenyeji wanapoogea watoto wao, na mkirudi nyumbani mkapime.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Mbamba Bay inajengwa kuwa bandari ya kisasa, na ajira hizo zinahitajika, hakuna anayebisha. Ila ghuba zilizokingwa na upepo hazitengenezwi upya, na ghuba moja inaweza kupangiwa matumizi yote mawili kabla zege halijamwagwa: meli upande huu, watoto upande ule. Mwaka 1914 wenye ufuko hawakuulizwa. Safari hii wapo mikutano ya kijiji, na swali la kuuliza ni fupi: watoto wataogea wapi?