Kani
Kani ni msukumo au mvuto unaobadili mwendo wa kitu. Hukokotolewa kwa kuzidisha tungamo kwa badiliko la velositi, kisha kugawanya kwa muda wa badiliko hilo: F = m(v − u)/t, ambapo m ni tungamo, u ni velositi ya mwanzo, v ni velositi ya mwisho na t ni muda. Msingi wake ni kanuni ya pili ya Isaac Newton, iliyochapishwa mwaka 1687. Kizio cha kani ni nyutoni. Treni ya madini mjini Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mfano mzuri. Treni ya tani 1,000 ikianza kutoka kusimama na kufikia mita 10 kwa sekunde baada ya sekunde 100, huhitaji nyutoni 100,000, mbali na zile za kushinda msuguano. Ikisimamishwa kwa sekunde 50, kani huwa nyutoni 200,000, kinyume cha mwendo.